Shajara ya mradi: nasaba ya ukoo wa mkonge, kutoka Muheza hadi Kasulu

Januari: mipaka, namba, penseli

Mradi ni kuandika nasaba ya ukoo mmoja uliokulia kwenye kambi za mkonge kati ya Ngomeni na Kigombe. Tunaanzia kwa babu aliyeletwa kama manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, na wake zake wawili aliowaoa huku Tanga, tunashuka hadi vilembwe waliopo leo, halafu tunapanda kwenda kuwatafuta ndugu zake waliobaki bara. Nyumbani babu huyo anatajwa kuwa "Mnyamwezi". Neno hilo tumeliandika kwa penseli, na sababu itaonekana mbele.

Kazi za namna hii hufia njiani kwa kuwa wahusika huanza na "ukoo wote", na ukoo wote hauna mwisho. Sisi tumechagua mzizi mmoja, mume na wake zake, na kila anayeshuka kutoka kwao. Wakwe wanaandikwa jina, kwao na wazazi wao, basi. Nasaba ya wakwe ni kazi ya wakwe.

Kila mtu ana namba. Mzizi ni 1. Wake zake ni 1a na 1b kwa mpangilio wa kuolewa. Mtoto wa tatu wa mke mkubwa ni 1a.3, na mtoto wa pili wa huyo kwa mke wake wa kwanza ni 1a.3a.2. Inaonekana ndefu, lakini pwani mtoto wa kwanza wa kiume mara nyingi hupewa jina la babu yake, kwa hiyo unakuta Ali Juma, Juma Ali na Ali Juma katika vizazi vitatu, na binamu zao vilevile. Ukitegemea majina peke yake, utaunganisha watu wawili kuwa mmoja, au mtu mmoja atajikuta ana makaburi mawili. Namba ikishatolewa haibadilishwi. Akigundulika mtoto aliyesahauliwa, kwa kawaida yule aliyefariki mdogo, anapewa namba inayofuata hata kama alizaliwa katikati. Mpangilio wa kuzaliwa una safu yake.

Kanuni ya pili ni ya penseli na wino. Tunachothibitisha ni kiungo: huyu amemzaa yule, huyu amemwoa yule. Kila kiungo kinaanza kwa penseli, na kinapigwa wino kikipata mashahidi wawili wasiotegemeana, yaani mzee na karatasi, au wazee wawili waliolelewa nyumba tofauti. Wazee wawili waliosimuliwa na bibi mmoja ni shahidi mmoja. Kufanana kwa majina hakuhesabiwi kabisa.

Vifaa: kaunta buku mbili (moja ya mahojiano, moja ya watu, kila mtu ukurasa wake), penseli za HB, kifutio, rula ya sentimita 30, bahasha za khaki za A4, pawa benki, na simu yenye nafasi tupu ya kutosha sauti na picha. Kompyuta inaweza kusubiri. Anayeanza na kompyuta huishia kujaza visanduku badala ya kusikiliza.

Februari: wazee

Tumeanza na mashangazi na mabibi. Wanaume watakutajia upande wa baba hadi jina la nne au la tano bila kupumua, lakini mama zao wanabaki kuwa "mke wa fulani". Wanawake ndio waliokaa uzazini, waliopika arusini na kulala matangani. Wanajua nani ni wa tumbo gani, na mtoto yupi alikufa kabla ya arobaini ya mama yake kwisha.

Haendi mtu kienyeji. Ndugu wa nyumba ile hutangulia siku moja kabla kuomba nafasi. Baada ya alasiri ndio wakati mzuri. Kilo ya sukari na paketi ya majani ya chai inatosha. Pesa ikitolewa kabla ya mazungumzo, mzee hujiona ana deni la jibu, na atakupa jibu hata pale ambapo hana. Shikamoo, hali, wajukuu, mvua, halafu ndipo ruhusa ya kurekodi. Ruhusa iombwe kinasa kikiwa kimeshawashwa, ili iwemo ndani ya sauti yenyewe, na mzee akikataa, sauti hiyo ifutwe mbele yake.

Simu iwekwe hali ya ndege, la sivyo mtu atapiga katikati ya jina la muhimu. Ilazwe juu ya kanga iliyokunjwa. Ikiwekwa moja kwa moja juu ya meza, kila kikombe kinachotuliwa kinafunika neno. Nusu mita kutoka mdomoni, mbali na feni. Kabla ya swali la kwanza zitajwe tarehe, mahali, jina la mzee na wote waliopo, kwa sababu mzee husema mambo mengine mbele ya mkwewe na mengine akiwa na dada yake tu. Faili libadilishwe jina siku hiyohiyo: tarehe, kisha namba ya mtu. Rekodi zenye majina ya kiwandani hazisikilizwi tena na mtu.

Swali la kwanza haliwi "babu yako alikuwa anaitwa nani?" Tunaanza na msiba: marehemu amezikwa wapi, nani alimwosha, nani walishuka kaburini, nani alisimamia mirathi, hitma ilisomwa nyumba ya nani, watani gani walikuja kufanya fujo zao. Msiba humweka kila mtu mahali pake halisi. Mtu anaweza kujiita ndugu miaka yote, lakini siku ya mazishi wanaoshuka kaburini huwa ni wa karibu, na wazee hawasahau nani aliitwa na nani aliachwa amesimama pembeni.

Sehemu inayoharibu miti mingi ni hii: kwetu kaka wa baba ni baba, mtoto wake ni kaka, na mzee yeyote wa rika la babu ni babu. Kwa hiyo neno "baba" haliandikwi kwenye daftari bila swali la pili. Tunauliza: ndiye aliyekuzaa? Nyie ni tumbo moja? Baba mmoja mama mbalimbali? Halafu yanafuata maswali mawili ambayo wengi huyaruka: nani alimlea, na nani alimnyonyesha. Kwenye mchoro, kuzaa ni mstari mzima, kulea ni mstari wa nukta, kunyonya ni mstari wa mawimbi. Huu wa mwisho una kazi yake, maana kwa sheria ya Kiislamu walionyonya ziwa moja hawaoani, na vijana wa leo waliotawanyika Dar, Mombasa na Muscat hawajui nani alimnyonya nani mwaka 1962.

Wazee wakipingana, yanaandikwa maneno yote mawili na jina la msemaji. Tumeona ni vizuri kila mmoja asikilizwe peke yake kwanza. Wakikalishwa pamoja mapema, mkubwa anasema na wadogo wanaitikia.

Machi: miaka

Wengi wa kizazi cha pili hawana tarehe ya kuzaliwa, ila wana umri kwa kulinganisha. Tumeandaa karatasi moja ya matukio ya Tanga na ya nchi, tunakwenda nayo kila nyumba: Vita vya Tanga, Novemba 1914, Waingereza kuingia mjini, Julai 1916, homa kuu ya mafua, 1918, rupia kuondoka na shilingi kuingia, mwanzoni mwa miaka ya 1920, askari wa Keya (jeshi la Waingereza la KAR) kurudi kutoka vitani, 1945 na 1946, TANU kuanzishwa, Julai 1954, Uhuru, Desemba 1961, Azimio la Arusha, Februari 1967, watu kuhamishiwa vijijini, 1973 hadi 1976, vita vya Kagera, 1978 na 1979.

Swali haliwi "ulikuwa na miaka mingapi?" Tunauliza alikuwa anafanya nini. Baba wa 1a anasemwa alikuwa anachunga mbuzi Wajerumani na Waingereza walipopigana Tanga. Mchungaji wa mbuzi ana miaka 7 hadi 12, kwa hiyo alizaliwa kati ya 1902 na 1907. Tunaandika mwanya mzima. Hatuchagui mwaka wa katikati kwa sababu unapendeza. Kisha tunaupima kwa watoto wake. Mama akionekana amezaa akiwa na miaka 10 au 55, au vizazi vitatu vikikaa ndani ya miaka 40, kuna mtu amerukwa au wawili wamechanganywa.

Kuna mizani nyingine inayotokana na historia ya mkonge wenyewe. Ofisi ya wenye mashamba ya kuajiri vibarua kutoka mbali, ile wazee wanayoiita Silabu, ilianza 1944. Mzee akisema "babu aliletwa na Silabu", hakufika kabla ya hapo. Akisema babu alipanda treni Kigoma akashuka Muheza bila kugusa lori, basi simulizi imefupishwa, kwani reli ya Tanga haikuungana na reli ya kati hadi ile njia ya Ruvu hadi Mnyusi ilipokamilika mwaka 1963. Manamba wa miaka ya 1940 walishuka reli ya kati wakamalizia kwa barabara. Kwa babu yetu simulizi za nyumba zote mbili zina lori, tena lina turubai na watu walitapika. Tumelipiga wino.

Miezi inatajwa kwa mfungo. Mfungo Mosi ni mwezi unaofuata Ramadhani, Mfungo Nne ndio Muharram, Mfungo Sita ni mwezi wa Maulidi. Mwaka wa Hijria ukipatikana, uzidishe kwa 0.97 kisha ongeza 622, utapata mwaka wa Miladia kwa kukosea mwaka mmoja mbele au nyuma. Kwa mfano 1337 inatoa 1918 kwenda 1919, na 1366 inatoa 1947. Usiongeze 622 au 579 tu kichwani. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, kwa hiyo tofauti haikai mahali pamoja.

Makaburini

Makaburi mengi ya kambi hayana maandishi, ni jiwe la kichwani na la miguuni, na msitu umeshayala. Hayo yanapigwa picha pamoja na alama isiyohama (mbuyu, tangi la maji, ukuta wa korona ya zamani, yaani mtambo wa kukamulia mkonge) na nukta ya ramani ya simu.

Yale yenye maandishi ya kuchora kwenye chokaa yanasomeka saa moja asubuhi au saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelala. Mchana kweupe huoni kitu. Bila jua, mtu mmoja ashike tochi au kioo pembeni kabisa ya jiwe, mwangaza upite juu ya maandishi kama kisu, mwingine apige picha. Kusugua kwa brashi ya waya kunang'oa chokaa, na chaki au unga hubaki kwenye mashimo na kushika unyevu. Maji safi na kitambaa laini, basi.

Tarakimu za Kiarabu zina mitego yake. Tano yake inafanana na sifuri tuliyoizoea, na sifuri yake ni nukta tu, ambayo juu ya chokaa ya zamani inafanana na tundu lolote. Mbili na tatu hutofautiana kwa jino moja, na jino likijaa chokaa mpya baada ya kaburi kupakwa rangi, miaka kumi inapotea. Ndiyo maana tunapiga picha tatu kwa mwanga wa pembe tofauti, na anayesoma asiwe yule aliyeambiwa mwaka unaotarajiwa.

Sanduku la chini ya kitanda

Karatasi za nyumbani zina faida kuliko ofisi yoyote, na ziko karibu. Tunachokitafuta ni kadi za kipande, stakabadhi za kodi, kadi za TANU, vyeti vya ubatizo, barua, na migongo ya picha. Kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi, ambazo zilitakiwa zikamilike ndani ya siku 42. Kinakupa shamba na kipindi. Jina lililomo ni jina alilolisikia karani. L na R hubadilishana, jina la bara linakatwa, na aliyesilimu baadaye akaitwa Ramadhani yumo kwa jina jingine kabisa. Kwenye ukurasa wa 1 tumeweka majina yake matatu kwa mpangilio wa muda, na kila moja limeandikiwa lilipotoka.

Picha za karatasi zipigwe kivulini nje, bila fleshi, rula ikiwa pembeni, mbele na nyuma hata kama nyuma panaonekana tupu. Selotepu na plastiki ya kubandikwa kwa joto (lamination) ni adui wa karatasi. Kwa unyevu wa Tanga zinageuza makunjo kuwa ukungu, na plastiki ikishaganda haitoki tena. Bahasha ya khaki, sanduku lililoinuliwa juu ya matofali, mbali na ukuta, mchwa wasipate daraja.

Aprili na Mei: vitabu vya watu wengine

Upande wa mke mdogo ni Wabondei Wakristo, kwa hiyo njia ilipita Magila, misheni ya kale ya Kianglikana karibu na Muheza, ambayo leo iko chini ya Dayosisi ya Tanga yenye makao Korogwe. Upande wa kaka zake babu, kama walibatizwa, vitabu viko kwenye parokia za huko kwao. Rejesta hukaa parokia alikobatizwa mtu, na katika utaratibu wa Kikatoliki ndoa yake hurudishwa kuandikwa pembeni mwa mstari wake wa ubatizo hata kama alioa mbali. Manamba aliyefunga ndoa kanisani Tanga anaweza kuonekana, pamoja na jina la mkewe, kwenye kitabu cha kijijini kwao. Kwa nasaba ya watu wa mkonge hicho ni kitu cha thamani kubwa, na wengi hawaulizi.

Unapokwenda, nenda na mwaka wenye mwanya usiozidi mitano, jina la ubatizo, jina la baba na jina la msimamizi ukilijua. Katekista hawezi kukufungulia miaka thelathini. Vitabu vya zamani vya Kikatoliki vina Kilatini, Yosefu ni Josephus, Yohana ni Joannes. Nakili mstari mzima, pamoja na wasimamizi. Msimamizi mara nyingi ni ndugu, au mtu wa kwao waliyekutana kambini.

Ndoa za Kiislamu za zamani nyingi hazina karatasi. Ushahidi wake ni walii wa bibi arusi na mashahidi wawili, na hao ndio wa kuulizwa. Mirathi iliyofika mahakamani ni dhahabu, maana warithi wanatajwa wote kwa uhusiano wao. Cheti cha kuzaliwa cha RITA, wakala wa Serikali wa kusajili vizazi na vifo, kilichotolewa mtu akiwa mzima kinathibitisha alichotamka yeye mwenyewe siku ile, basi. Ukiona 1 Januari au 1 Julai, jua kuna uwezekano mkubwa tarehe ilikadiriwa.

Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar es Salaam, zina mafaili ya Wajerumani na ya Waingereza, pamoja na vitabu vya wilaya vilivyoandikwa na mabwana shauri. Huko usitafute jina la babu yako. Tafuta historia ya shamba, majina ya zamani ya vijiji, na koo za watawala wa huko alikotoka. Mafaili ya Kijerumani yameandikwa kwa mwandiko wa kale ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kujifunza, kwa hiyo bajeti iwe na msomaji.

Kitabu kinachofungwa

Upande wa 1a yametokea maneno tuliyoyatarajia: "yule mama alikuwa mtu wa fulani." Kila mpwani anajua maana yake: alikuwa mtumwa. Kwa amri ya Wajerumani waliozaliwa na watumwa baada ya 31 Desemba 1905 walikuwa huru, na Waingereza waliufuta utumwa kabisa Tanganyika mwaka 1922. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa kabla ya 1906 anaweza kuwa na habari hiyo, na Wajerumani walitoa pia hati za uhuru ambazo wengine walizitunza.

Tulivyoamua: habari inaandikwa, kwa sababu bila hiyo nasaba ya mama huyo inaonekana kuanzia kwa bwana wake, na huo ni uongo. Lakini inaandikwa kwenye daftari la tatu linalokaa kwa shangazi mkubwa, na kwenye mchoro wa wazi panabaki namba na jina. Kitaamua kizazi cha mama huyo, sio sisi, wala binamu mwenye simu.

Hapa ndipo wakusanyaji wengi hupamba. Wanapokosa baba huazima asili ya Shiraz (Uajemi) au Hadhramaut (Yemen). Kama kuna kiungo cha huko kina mashahidi wawili, kipigwe wino. Kama hakuna, kibaki penseli kama vingine.

Juni: kwao ni wapi?

Turudi kwa "Mnyamwezi". Pwani jina hilo lilipewa karibu kila mtu wa bara tangu enzi za misafara, kwa hiyo peke yake linasema tu kwamba hakuwa wa hapa. Tulichofanya ni kukusanya alama zisizobadilishwa na karani: mwiko wa chakula wanaoushika watoto wa 1 bila kujua sababu, maneno ya kumbembelezea mtoto, jina la mtawala aliyemtaja, jina la mto, chale kwenye picha, na watani waliojitokeza msibani kwake.

Watani ni alama yenye nguvu lakini ya kupima. Wangoni na Wahehe wanataniana, Wanyamwezi na Wazaramo vilevile. Ila kwenye kambi za mkonge utani ulipanuka, watu wa njia moja wakajifanya kabila moja ili wazikane. Mtani wa kambini hakuonyeshi kijiji. Anakuonyesha upande wa nchi.

Orodha ya alama ilipelekwa kwa wasemaji wa lugha tano za magharibi na kusini, bila kuwaambia tunadhani nini. Ukimwuliza mtu "hiki ni Kinyamwezi, au sio?" atakujibu ndiyo kwa adabu. Ubembelezo ulitambuliwa na wasemaji wa Kiha, na jina la mtawala likaangukia Heru, utawala wa zamani wa Waha upande wa Kasulu, Kigoma. Hao wawili hawategemeani. Neno Mnyamwezi limefutwa kwenye ukurasa wa 1, na pembeni pameandikwa "ndivyo alivyoitwa Tanga".

Lugha hudumu kuliko jina. Wazigua waliochukuliwa Somalia karne ya 19 walibaki na Kizigua chao kwenye Mto Juba, na wajukuu waliorudi kama wakimbizi wakapewa makazi Chogo, Handeni, waliweza kuzungumza na wenyeji. Anayedharau ubembelezo wa bibi akikimbilia vyeti anaacha ushahidi wake bora jikoni.

Julai: kubisha hodi

Jina la kijiji alilolitaja babu halipo kwenye ramani ya leo. Haishangazi: wakati wa operesheni ya vijiji, miaka ya 1970, watu wa Kigoma walihamishwa kama wengine. Tunafuata mto, kilima na parokia, ambavyo havikuhama.

Ujumbe wa kwanza ulikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa katekista, kwa barua ya ukurasa mmoja, kisha simu ya kawaida. Sauti ya WhatsApp ni nzuri kwa vijana, lakini wazee tunaowatafuta wanazungumza kupitia simu ya mjukuu. Barua ina vitu vinne: sisi ni nani na tunakaa wapi, tunamtafuta nani, kwa jina lake la kwanza kabisa, aliondoka lini na kwa njia gani, na sentensi inayosema wazi kwamba hatudai shamba, mifugo wala mirathi. Hiyo ya mwisho iwe juu, isiwe chini. Mgeni anayeuliza habari za marehemu kijijini husomwa kama mdai wa ardhi, na ukoo mzima unaweza kunyamaza.

Mambo mawili hayaandikwi kamwe kwenye barua wala tangazo la redio: jina la mama wa anayetafutwa na sababu ya kuondoka. Hayo ni ya kupimia. Watu watapiga, wengine kwa nia njema, wengine wakiomba nauli. Anayedai undugu anaulizwa kwa upole, "Shikamoo mzee, mama yao huko alikuwa akiitwaje?" na anaachwa azungumze. Pesa haitumwi kabla ya kiungo kupigwa wino, hata kama ni ya vocha, na anayepokea simu hizo awe mtu mmoja tu. Wakiwa watatu, mpigaji wa pili atakuwa ameshapewa majibu na wa kwanza.

Tumepata nyumba moja iliyotaja jina la mama bila kuongozwa, pamoja na kaka aliyefuata "lori la mkonge" asirudi. Ni shahidi mmoja. Penseli bado.

Kuhusu vinasaba

Kila baraza lina kijana anayependekeza kupima. Kipimo kinafaa kwa swali lililo wazi, sio kwa kutalii. Watoto wa kaka wawili hushirikiana wastani wa asilimia 12.5, wajukuu wa kaka wawili karibu 3.1, vitukuu karibu 0.8. Kwa hiyo wapimwe wazee, maana kila kizazi kinachoshuka kinakata ushahidi. Asilimia za makabila zinazotolewa na makampuni hazikupi ukoo wala kijiji. Zinategemea ni nani wengine waliopima, na watu wa Buha, nchi ya Waha, waliopima ni wachache. Tanzania ina sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009, na Mkemia Mkuu wa Serikali ndiye wa kuulizwa kabla ya sampuli kuchukuliwa. Na jibu linaweza kuonyesha kwamba baba wa nyumbani siye aliyezaa. Aliye tayari kupima awe tayari na hilo pia.

Agosti: kompyuta na karatasi kubwa

Tunatumia Gramps, programu ya bure isiyohitaji intaneti. Jambo moja lisiporekebishwa mwanzo huharibu kila kitu: jina la baba liingizwe kama jina la baba, lisiwekwe kama jina la ukoo. Vinginevyo Juma Ali na mwanawe Ali Juma watahesabiwa familia mbili, na kutafuta kwa ukoo hakutafanya kazi. Namba zetu zimeingia kwenye nafasi ya utambulisho. Kila kiungo kina chanzo, na cha penseli kimewekewa alama ya rangi ya chungwa. Nakala tatu: kompyuta, diski ya nje inayokaa nyumba nyingine, na chapa ya karatasi.

Walio hai hawatoki nje ya nakala ya ukoo kwa tarehe zao kamili wala simu zao. Mtu akikataa kuandikwa, inabaki namba na neno "yupo".

Mchoro wa ukutani tumeuchora kwa mkono kwenye karatasi nne za A1 zilizounganishwa kwa upande wa nyuma. Nyumba ya 1a kushoto, ya 1b kulia, wino wa rangi moja, ili asije mtu akasema nyumba ndogo imepewa rangi hafifu. Ulisomwa kwa sauti, jina kwa jina, kwa wazee ambao macho yamechoka. Kusoma kwa sauti kuliibua watoto wawili waliofariki wachanga na talaka moja ambayo hakuna karatasi iliyoitaja.

Septemba: kinachoendelea

Kikao cha ukoo kitafanyika Muheza baada ya mvua za vuli, wageni wa Kasulu wakikubali. Wapishi wanahesabu kilo moja ya mchele wa pilau kwa watu saba au wanane, kwa hiyo kwa watu 120 ni kilo 16, na nyongeza mbili kwa wasioalikwa. Kila mtu atavaa kadi yenye namba yake, ili asiyemjua mwenzake ajue papo hapo ni shangazi, mjomba au wa kutaniwa. Vijana wote ambao hawajaoa wataonyeshwa mistari ya mawimbi.

Kabla ya hapo yamebaki mambo matatu: rejesta ya parokia ya huko kwa miaka ya 1920 hadi 1925, sauti ya mzee wa pili wa nyumba ile ya Kasulu akihojiwa peke yake na mtu asiyejua jina tunalolisubiri, na picha ya kaburi la 1b.2 kwa jua la jioni, kwa kuwa ile ya asubuhi inasomeka 1372 na dada yake anashikilia ni 1373.